Chumba Alichokiagiza Mama

"Milioni tatu na laki mbili!" nilimfokea Timazi, karatasi yake ya madai nikiipeperusha mbele ya pua yake. "Milioni tatu na laki mbili kwa chumba ambacho hakipo! Usoni kwangu pameandikwa bwege?"

"Kipo, bosi," alijibu kwa sauti yake ile ile ya chini. "Kimeshapigwa lipu. Kimebaki rangi tu."

"Kipo wapi?"

Akanyoosha mwiko, akaonyesha ukuta uliotenga sebule na chumba cha watoto. Ukuta mtupu, mpya, bado unanuka saruji. Nikaupiga ngumi mbili.

"Hapa?"

"Hapo ulipopiga ni mlangoni."

Mafundi wake wanne walikuwa wanakusanya ndoo na mbao zao. Wakasimama. Hakuna aliyecheka, kwa hiyo nikacheka mwenyewe, kile kicheko cha kumkomoa mtu. Kiligonga ule ukuta kikarudi. Ila kilirudi kimechelewa, kama kilipitia kwanza mahali pengine.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, madirisha yote wazi. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii hudhani ni mambo ya gizani, au ni ya jirani ya shemeji ya rafiki. Haya yangu yalikuwa mchana kweupe. Na yamenipata mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma. Sikusomea popote. Shule iliniacha darasa la sita, ufundi nikaupata kwa macho, kwa kuungua vidole, na kwa kumsumbua kila mtu aliyeshika mashine mbele yangu. Nikikwambia geti lako litakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa unalikuta limeegemea ukuta linakusubiri. Sidai kisicho changu na sipendi kudaiwa. Hasira zangu ziko karibu, hilo nalikubali, ila maneno yangu hayana kona. Ndiyo maana nilipopata kiwanja, ramani niliichora kwa mkono wangu kwenye daftari la hesabu la watoto: sebule, chumba cha watoto, chumba chetu mimi na mke wangu, vyote vimepangwa mstari mmoja; nyuma jiko na bafu. Mita kumi na mbili, ncha hadi ncha.

Mama tulikuwa tunaishi naye. Ukiniuliza kwenye ramani ile mama alikuwa analala wapi, sina jibu. Sikuwa nimemsahau, nisisingiziwe. Nilijua tu kwamba mama atalala popote, kama alivyolala popote maisha yake yote: kwenye mkeka jikoni, kwenye benchi la hospitali, mlangoni pa chumba cha kupanga akinilinda. Mtu aliyezoea popote humchorei mstari.

Kazi nzima nilimpa mkandarasi mmoja, msingi hadi paa, saruji, mabomba, nyaya, mafundi, kila kitu kipitie kwake. Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Wote walimwita Timazi, kama kile kipimo cha kunyooshea kuta, kwa kuwa ukuta wake haukuwahi kupinda hata upana wa unywele. Bei yake ilikuwa nzuri. Alikuwa na sharti moja, na kitabu kimoja kikubwa chenye jalada jeusi.

"Mimi nina utaratibu wangu," aliniambia siku ya kuandikiana. "Kila atakayelala ndani ya nyumba namuuliza anataka nini. Anasema, namwandika, anatia sahihi, najenga. Mwenye nyumba analipa. Nyumba ambayo mmoja wao hakuulizwa siigusi."

"Hata watoto?"

"Hao hasa. Hao ndio hawaombi kwa kujionyesha."

Niliona ni vituko vya mzee. Nikatia sahihi, nami nikasema sina cha kuagiza. Binti yangu wa miaka sita aliagiza msumari wa kutundikia mkoba, uwe kwenye kimo chake. Kaka yake aliagiza dirisha la kuchungulia barabara. Mke wangu aliagiza rafu tatu jikoni. Zamu ya mama ilipofika sikuwepo, nilikuwa kwenye mageti yangu. Jioni nilipomuuliza alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama msichana.

"Nimeomba kitu kidogo tu," alisema.

Sasa siku ile ya ugomvi Timazi alikifungua kitabu akanionyesha ukurasa wa mama. Kuandika mama hajui. Palikuwa na alama ya dole gumba lake, wino wa bluu, na juu yake mwandiko wa Timazi ulionyooka kama kuta zake: *Chumba kimoja. Cha peke yake.*

Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai ya mafundi.

"Mwanangu," alisema polepole, "mlipe baba wa watu."

"Mama, hicho chumba wewe umekiona?"

"Nimekiona. Asubuhi jua linaingia mpaka kitandani."

"Kitanda gani, mama?"

Akainamisha macho. Mikono yake ilikuwa na vumbi jeupe la lipu hadi viwikoni, na siku ile hapakuwa na fundi aliyekuwa anapiga lipu.

Damu ilinipanda. Si kwa mama. Kwa huyu mzee aliyemrubuni mama yangu mzazi, akamchovya kidole kwenye wino, halafu anakuja kwangu na bili. Nikaibandika ile karatasi ukutani kwa kiganja, nikachomoa kalamu sikioni, nikaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka barabarani: ALIYEKIAGIZA AKILIPIE MWENYEWE. Chini yake sahihi, na tarehe. Mimi ni mtu wa maandishi.

Nilitegemea Timazi atatukana. Hakutukana. Uso ulimshuka.

"Bosi, futa hayo."

"Sifuti."

"Toa nusu. Toa hata robo, nyingine nitakuvumilia mpaka uchoke wewe."

"Hata senti tano."

Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya chokaa kwenye pumzi yake. "Mama huyu ana nini cha kulipa?" alininong'oneza. "Umejiuliza?"

"Hana kitu. Kwa hiyo tumeelewana."

"Hana kitu," Timazi alirudia. Alimtazama mama kwa muda, akanitazama mimi, akamtazama tena mama, kama fundi anayekadiria mzigo. Halafu akaikunja ile karatasi na kuitia kitabuni. "Pole, mama," alisema. Mafundi wake wakavua kofia. Wote wanne, kwa pamoja.

Tukahamia. Mama alitandikiwa godoro sebuleni. Mahali alichagua mwenyewe, kando ya ukuta ule. Mke wangu alinitupia jicho. "Baba watoto, mama alale chini ndani ya nyumba mpya?" Nikamwambia nitamchomea kitanda cha chuma, kizuri, mwezi ujao mambo yakitulia. Wiki mbili zikapita shwari. Nyumba ilikuwa nzuri. Kuta zake zilinyooka kiasi kwamba zilikuudhi.

Siku moja nikawa natengeneza fimbo za pazia. Nikachukua futi, nikapima vyumba kwa ndani. Sebule mita nne na sentimita ishirini. Chumba cha watoto mita tatu. Chetu mita tatu na sentimita thelathini. Kuta nne, kila moja sentimita kumi na tano. Jumlisha. Mita kumi na moja na sentimita kumi.

Nikatoka nje nikapima. Kumi na mbili kamili.

Nikarudi ndani, nikapima upya. Nikamwita mke wangu ashike ncha ya futi. Sentimita tisini hazikuwepo.

Basi nikasema, sawa, huyu mwizi amenijengea ukuta wenye uwazi katikati. Nikachukua drili na msumari wake wa kutobolea, wa sentimita kumi na tano, nikatoboa ukuta ule kutoka sebuleni. Ulizama wote. Nikaenda chumba cha watoto. Ncha ya msumari ilikuwa imechungulia upande wa pili, kidogo tu, inang'aa. Sentimita kumi na tano, si zaidi. Nikausogeza uso kwenye ile ncha. Chuma kilichotoka kutoboa tofali huwa cha moto. Hiki kilikuwa cha baridi, na kimezungushiwa uzi mmoja mweupe wa shuka.

Mama alianza kutoonekana.

Mwanzo ilikuwa saa moja, saa mbili. Unatoka uani ukirudi sebule haina mtu, mlango wa mbele umefungwa kwa ndani. Unaita, kimya. Halafu unageuza shingo na mama yupo, amekaa kwenye godoro lake, amechoka kama mtu aliyetoka kibaruani.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwangu."

Nikamuuliza binti yangu. Alikuwa anachora sakafuni, hata hakuinua kichwa. "Bibi yuko chumbani kwake, baba. Analipa."

"Analipa nini?"

"Sijui. Anasimama, anasema kitu, halafu hakijui tena."

Sikulielewa neno lile. Ni mtoto, nikasema. Watoto wana yao.

Jumapili moja tulikuwa tunakula. Mama alinitazama kidevuni. "Kovu hilo ulilipata wapi?" Nikacheka. Kovu lile nililipata nikiwa na miaka minne, nilianguka kwenye jiwe la kufulia, na yeye ndiye aliyenibeba akikimbia huku damu yangu inamlowesha kifua. Hadithi hiyo ameisimulia kila mgeni aliyewahi kukanyaga kwetu. Nikamkumbusha. Alinisikiliza kwa adabu. "Pole," alisema. "Mama yako lazima alihangaika sana."

Mke wangu aliacha kutafuna.

Tukampeleka hospitali. Wakampima damu, macho, moyo. Daktari alisema mwili ni mzima, ni uzee tu, umri ukienda mambo hupotea. Nikamuuliza mama mbele ya daktari: wajukuu wako wanaitwaje? Akataja. Mkweo? Akataja. Bei ya sukari? Akataja, na ya mwaka jana pia, na akamlalamikia daktari. Mzee wa jirani aliyefariki? Akamtaja na ugonjwa wake. Kilichokuwa kinapotea kilikuwa kimoja tu. Nilikuwa mimi.

Nami nilikuwa napotea kichwani mwake, mwaka mmoja wa umri wangu baada ya mwingine. Leo hajui kwamba niliwahi kupotea sokoni akanitafuta mpaka machweo. Keshokutwa hajui kwamba niliwahi kuvunjika mkono. Kila akitoka kule anakotoka amepungukiwa, na amependeza. Hilo ndilo lilikuwa linaniumiza. Mgongo ulimnyooka. Usingizi wake ukawa mzuri. Alianza kuimba. Mtu anayetua mzigo huwa hivyo.

Siku moja mchana nilimpigia magoti kwenye lile godoro.

"Mama. Cherehani unaikumbuka?"

"Cherehani ipi?"

Shule iliponifukuza kwa karo, mama alikuwa na cherehani moja. Ndiyo iliyotulisha. Aliiuza, hela yote akanikabidhi mkononi, nikanunua mashine yangu ya kwanza ya kuchomea. Aliniambia, kula yetu sasa iko mkononi mwako. Kila geti nililowahi kuchoma limetoka kwenye cherehani ile. Nyumba hii imetoka kwenye cherehani ile.

"Cherehani ipi, kaka?" aliuliza tena.

Aliniita kaka.

Niliuza mashine. Sikubembelezana bei na mtu. Niliuza jenereta, nikauza vyuma vyote vilivyokuwa karakana, nikakopa kilichobaki. Milioni tatu na laki mbili, taslimu, kwenye mfuko wa saruji. Nikamtafuta Timazi. Nilimkuta kwenye msingi wa nyumba ya mtu mwingine, amekaa juu ya tofali, kitabu magotini.

"Hizi hapa," nilimwambia. "Zote. Hesabu."

Hakuugusa mfuko. "Zimechelewa, bosi."

"Hela haichelewi. Hesabu!"

"Deni lako ulilikataa kwa mkono wako. Limekwenda kwa mwingine, naye analilipa vizuri, hakosi. Mimi siwezi kupokea chumba kimoja mara mbili. Huo utakuwa wizi." Akanitazama. "Nawe hupendi wizi."

Akanigeuzia kitabu.

Ukurasa ulikuwa umejaa. Mwandiko ulionyooka. Kila mstari na bei yake, kila mstari na dole gumba la bluu.

*Kuzaliwa kwake, alfajiri, mvua — laki nne.*

*Kumwachisha ziwa — laki moja.*

*Surua, usiku wa kwanza — elfu hamsini.*

*Surua, usiku wa pili — elfu hamsini.*

*Jiwe la kufulia — laki moja na nusu.*

*Kupotea sokoni — laki mbili.*

*Cherehani — laki tano.*

Niliusoma wote. Yote yalikuwa mimi. Mengine sikuwahi kuyajua: siku aliyonidanganya ameshiba, siku aliyotaka kuniacha kwa ndugu yake akageuka njiani. Mimi nilisema hana kitu. Alikuwa na haya. Kumbe yanauzika. Kumbe yana bei, na bei yenyewe ni ya kutupa.

"Nani kapanga hizi bei?" nilinong'ona.

"Mlipaji. Mimi huandika anachotaja."

Chini kabisa: *Salio — laki moja na nusu.* Na chini ya hapo mstari wa mwisho, wino bado mbichi:

*Sura yake — laki mbili.*

Mbele ya mstari ule hapakuwa na dole.

Nilikimbia. Mfuko niliuacha palepale kwenye msingi wa watu. Nilikimbia barabarani na mabuti ya kazi, watu wakinipisha. Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Mke wangu yuko uani anaanika. Watoto wanacheza. Saa tisa na nusu. Jua.

Mama amesimama mbele ya ukuta. Amevaa nguo yake ya kutokea. Amekumbatia mto.

"Mama!"

Akageuka. Alinitazama usoni. Taratibu. Paji, macho, pua, kidevu. Kama mtu anayehesabu kabla ya kukabidhi. Nadhani alinijua. Naapa, kwa sekunde ile alinijua.

"Mama, usiingie. Nimelipa. Nimeleta zote."

"Ulinijengea nyumba nzuri," alinong'ona.

Akainua dole gumba. Lilikuwa la bluu.

Akalibonyeza hewani.

Macho yake yakabaki juu yangu, na ndani yake sikuwemo tena. Alinitabasamulia. Tabasamu la kumpa mpita njia.

"Karibu," alisema. "Wenyewe wako uani."

Nikapepesa jicho.

Ukuta.

Nyundo kubwa ilikuwa karakana, nayo sikuwa nimeiuza. Niliupiga ukuta ule mpaka mikono ikatoka damu. Tofali moja. Tofali mbili. Mke wangu analia, watoto wanalia. Nikatoboa tundu la kupitisha kichwa. Nikachungulia.

Chumba cha watoto. Mkoba umetundikwa kwenye msumari wake. Sentimita kumi na tano za tofali na saruji, na hakuna kingine.

Niliita hadi sauti ikakatika. Nilipopumzika, binti yangu alikuwa amebandika sikio ukutani, kando ya tundu, anasikiliza. Anatikisa kichwa. Anamjibu mtu.

"Anasema nini?" nilimuuliza.

"Bibi anauliza," alininong'oneza, "huyo mtu anayebomoa ni nani."

"Mwambie ni mwanawe."

Akamwambia. Akasikiliza. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa huruma, uso ambao mtoto wa miaka sita hapaswi kuwa nao kwa baba yake.

"Anasema hajawahi kuzaa."

Miezi minne sasa. Polisi walikuja, wakaandika bibi kizee amepotea, wakaondoka. Tundu nililiziba kwa mikono yangu. Sehemu hiyo haijakauka. Nimepiga lipu mara tatu, saruji nzuri, mchanga mzuri, na kila mara ukuta wote unakauka isipokuwa duara moja, kimo cha mtu aliyekaa akaegemea. Ni vuguvugu. Asubuhi huwa la moto zaidi, kama linapigwa na jua, na upande ule hakuna jua. Mke wangu amehamia kwao na watoto. Binti yangu alilia asiondoke. Alisema bibi atakosa wa kuongea naye. Mimi nimebaki. Naweka shavu pale. Sisikii kitu. Mimi sikuagiza.

Lakini kichwa changu ni cha hesabu, na hesabu haikuniacha nilale. Nilirudia ule ukurasa kichwani, mstari kwa mstari. Wiki iliyopita nikashtuka. Nikaenda kwa Timazi. Nyumba ile imeshafika kwenye linta, zege la juu ya madirisha. Mfuko wangu wa hela ulikuwa palepale nilipouacha, umepigwa mvua, hakuna aliyeugusa.

"Salio lilikuwa laki moja na nusu," nilimwambia. "Ulipokea sura yangu kwa laki mbili."

Alifungua kitabu. Alifuata mistari kwa kidole, juu hadi chini. Akarudia. Mafundi walisimama. Nilimwona kwa mara ya kwanza mzee yule anatokwa jasho.

"Ni kweli," alisema. "Imezidi elfu hamsini."

"Irudishe."

"Ni yake, bosi. Mimi sirudishi ila kwa mwenyewe. Aje aichukue."

"Haji. Hajui kama kuna mtu wa kumjia huku nje."

"Basi nitamtunzia."

"Mpaka lini?"

Akafunga kitabu.

Elfu hamsini kwa bei zake ni usiku mmoja. Usiku mmoja wa mtoto mwenye surua na mtu aliyekesha anampepea. Angekuwa nao huo mmoja, angejua aliwahi kumkesha mtu. Angeuliza ni nani. Angetoka kumtafuta. Au asingetoka, sijui. Timazi anasema wengi hawatoki. Anasema chumba kile ni kizuri sana.

Sidai nyumba. Sidai zile milioni zilizolowa pale kwenye mfuko, wachukue wakapigie zege. Tangu wiki iliyopita nakuja hapa kwenye nyumba anayoijenga kila asubuhi, nasimama mbele ya mafundi wake, na namwambia neno moja tu, wala sipandishi sauti.

Elfu hamsini, Timazi. Toa chenji ya mama yangu.